Kaka, Umekwisha Kuliliwa

Alikura, Mani
Septemba 1964

Kaka yangu mpendwa Stratis,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wifi yangu Despina, na wale wanangu wawili ambao shangazi yao hajapata kuwafinya mashavu. Natumaini barua hii itawakuta nyote mko salama huko Melbourne, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia ulale. Huku hatujambo. Mbuzi wamezaa vizuri, mizeituni si haba. Lias mume wangu bado anapanda na kushuka na mfuko wake wa posta. Magoti yanamlalamikia yeye, naye analalamika kwangu. Mama ni mzima. Macho yake yamezidi kuingia ukungu, lakini anasikia paka akitembea juu ya paa la jirani, na ulimi wake haujaingia ukungu wowote.

Utaona kwamba nimeandika Mama ni mzima. Ndivyo nilivyoandika katika kila barua tangu ulipoondoka, na hata mara moja sikuandika kwamba Mama anakusalimu. Hukuuliza sababu, nami sikukueleza. Tulikuwa tukiruka mstari ule kama watu wanaoruka shimo walilolizoea.

Pasaka iliyopita uliniuliza swali moja tu: je, unaweza kuja kumwona Mama kabla hajafumba macho? Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Ningekuandikia njoo, ningekuwa nakuita uje usimame mbele ya mtutu wa bunduki, au uushike wewe mwenyewe. Ningekuandikia usije, ningekuwa namzika Mama bila mwanawe, na kalamu yangu ndiyo jembe. Barua yako ilikaa ndani ya gauni langu mpaka ikalainika kama kitambaa. Sasa ninalo jibu. Lakini kabla sijalitoa, nikutahadharishe: ukikutana na mtu wa huku kwetu akakutolea macho na kujipiga ishara ya msalaba, usimshangae. Kaka, wewe umekwisha kuliliwa. Pole sana. Natumaini hukuumia.

Niruhusu nianze mbali, hata na yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu wanao wataisoma barua hii siku moja na hawatajua tulikuwa tunaogopa nini.

Baba alipigwa risasi na mzee Rozeas kwa ajili ya birika la maji ya mvua, mbele ya birika lenyewe. Wewe ulikuwa mvulana bado, mimi nilikuwa nashika sketi ya Mama. Mama alisimama juu ya jeneza akaimba kilio, na hakuna mwanamke katika Mani nzima aliyejua kumwimbia maiti kama yeye. Katika kilio kile alilitaja jina lako. Alimwambia Baba alale, Stratis atakua, Stratis atairudisha damu. Na unajua kwetu neno lililoimbwa juu ya maiti halichukuliwi kuwa wimbo, ni kiapo. Kisha alichukua shati la Baba bila kulifua, akaliweka sandukuni.

Mzee Rozeas alikufa kitandani kwake kwa homa, na deni likamwangukia mwanawe Sarandos, ambaye hajapata kugombana na mtu yeyote isipokuwa mbuzi. Ukakua. Ndevu zikaota. Na kiangazi kile ambacho kila mtu alitazamia uitungue bunduki ya Baba ukutani, tukaamka hupo. Mama alisimama mlangoni pa kanisa, watu wakitoka misani, akakuita mwoga, akasema hana mwana. Tangu siku hiyo jina lako halikutajwa tena nyumbani mwetu. Hata Lias, mkwe tu maskini, mkahawani aliletewa kahawa kwa mkono wa kushoto, kama wanavyoletewa watu wa nyumba isiyolipa damu yake. Akazoea. Alikuwa akisema kahawa haijui mkono.

Basi mwaka huu tuliletewa mwalimu mpya kutoka Kalamata, Mwalimu Anagnostis, kijana mwembamba mwenye miwani, amejaa mapenzi ya mambo ya mababu. Siku ya kwanza alipouona uwanja wetu wa kupuria ngano, ule wa mviringo wenye mawe, karibu alie. Akasema wahenga wetu walicheza michezo yao mahali kama hapo hapo, na sisi tutacheza mmoja kwenye sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti. Alichagua mchezo wa mfalme aliyeapa juu ya kaburi la baba yake kwamba mwanawe wa kwanza ndiye atakayelipa kisasi. Mtabiri anamwonya kwamba akimtuma kijana yule hatamwona tena na nyumba yake itazimika. Mfalme anajua kabisa kwamba mtabiri hasemi uongo. Lakini aliapa mbele ya watu, na anaona haya kulimeza neno lake, basi anamtuma.

Unaona mambo hayo! Kati ya michezo yote ya mababu, mgeni wa watu akauchota huo. Na akagawa nafasi kwa kusikiliza sauti mkahawani, asijue lolote. Sarandos Rozeas ana sauti ya fahali, akawa mfalme. Mke wa mwalimu akawa malkia. Mimi nikawekwa katika kundi la wanawake wa kuitikia, tuvae nguo nyeusi, jambo ambalo halikutugharimu kitu kwani hatuna nguo za rangi nyingine. Na Lias akawa mjumbe anayeleta habari ya kifo, kwa kuwa, alisema mwalimu, amezoea kuleta habari. Mwenye mkahawa alipomnong'oneza kuhusu Baba na Rozeas, mwalimu alipauka akataka kuubadilisha mchezo. Sarandos ndiye aliyekataa. Alisema ameshayakariri maneno mbele ya mbuzi wake, na mbuzi hawatamwelewa akianza mengine.

Mwalimu alikuja hata kwa Mama, kofia mkononi, kumwomba atufundishe sisi wanawake kulia vizuri. Mama alimwuliza ni nani aliyekufa. Mwalimu akasema hakuna, ni mwana wa mfalme, wa hadithi. Mama akamwambia, “Mwanangu, mimi simlilii mtu asiyekufa. Huko ni kumwonyesha Mauti mlango. Kunywa kahawa yako uende.” Hata hivyo siku ilipofika alikubali kuja, kwa sababu mkwewe anacheza, na kwa sababu hapawezi kuwa na mkusanyiko wa wanawake waliovaa nyeusi yeye akakosekana. Tukampa kiti upande wetu wa uwanja. Akina Rozeas walikaa upande wa pili, kama kanisani. Bi Kaliopi, mjane wa mzee Rozeas na mama yake Sarandos, alikuwa mbele kabisa.

Kaka, Sarandos alinishangaza. Alivaa shuka ya kitandani na taji alilolikata kwenye debe la mafuta, na aliponguruma kwamba heri nyumba yake iteketee kuliko watu waseme amelimeza neno, hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mama. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Alikuwa upande wa mfalme.

Ikafika zamu ya Lias. Alipaswa kutokea nyuma ya ukuta akikimbia, aseme maneno marefu kuhusu magari ya farasi na mikuki na vumbi. Alikuwa ameyakariri kwa miezi, mpaka mimi nayajua. Akatokea anakimbia kweli, anahema, jasho linamtoka. Akasimama mbele ya malkia. Na hakuna kitu. Akafumbua mdomo, akafumba. Tukasikia mwalimu akimnong'oneza nyuma ya ukuta, lakini Lias akishikwa na hofu huwa kiziwi. Basi akasema yale pekee yaliyobaki kichwani mwake, yale anayoyasema kila mara anapopanda kwa watu na telegramu mbaya, na kwa sauti ile ile yake ya kazi. Alisema, “Mama, kaa kwanza. Kaa chini, mama yangu. Imekuja habari kutoka mbali. Mwanao amefia ugenini.”

Mama alisikia hivyo. Hakuona malkia, hakuona shuka wala taji. Alimsikia mkwewe, mpeleka barua, akimwambia akae kwanza.

Hakukaa. Alisimama, akaiweka fimbo chini, akafungua kitambaa cha kichwa nywele zikaanguka. Akaanza kulia kilio, Stratis, kile cha kweli, cha mistari mifupi, na jina alilolitaja katika mstari wa kwanza lilikuwa lako. Sijalisikia jina lako kinywani mwake tangu nilipokuwa msichana. Ningeweza kuruka kutoka kwenye kundi nikamkumbatia nimwambie ni mchezo, tulia. Sikuruka. Nakuambia ukweli, miguu haikukataa. Mimi ndiye niliyekataa, kwa kuwa nilitaka kusikia. Aliyoyaimba nitakuambia mwishoni, usinikimbize.

Wajua desturi yetu, wanao ndio hawajui: anayeongoza kilio akichoka hunyoosha mkono, na mwanamke anayeushika anakipokea na kukiendeleza, na akishakipokea msiba ule ni wake pia, amekuwa mtu wa nyumba ile. Kilio hakiachwi hewani. Mama alifika mwisho wa pumzi akanyoosha mkono. Na hapana aliyeushika. Binamu zetu walikuwa wameduwaa kwa yale waliyoyasikia, mimi nimebana mdomo kama mjinga, na mkono wa Mama uko hewani unatafuta.

Hapo Bi Kaliopi akainuka upande wa pili. Akaukata uwanja katikati, akampita mwanawe na taji lake la debe kana kwamba anapita kando ya mti, akaushika mkono wa Mama, akaendeleza. Aliimba kwamba yeye naye hajalala kwa amani tangu siku ile ya birika. Kwamba kila aliposikia nyayo ngeni njiani aliinuka kwenda kuhesabu kama Sarandos anapumua. Kwamba mume wake alifyatua risasi moja na wanawake wawili wakaibeba. Wakasimama wameshikana mikono hivyo, vikongwe wawili wasiosalimiana hata msibani, wakipokezana.

Mwalimu ndiye aliyeharibu, au aliyeokoa, sijui. Alitoka nyuma ya ukuta, miwani imepinda, akapiga kelele, “Bibi! Bibi, ni mchezo! Hakuna aliyekufa!” Mama akageuza uso kumtafuta Lias, akamwuliza telegramu iko wapi. Lias akasema, “Sina telegramu, Mama. Nilisahau maneno. Stratis ni mzima, barua yake niliileta mwenyewe wakati wa Pasaka, Ligeri binti yako anayo.” Mama akaomba fimbo yake. Nikamwokotea nikidhani anataka kuondoka. Akampiga Lias nayo begani, si kwa mzaha, akasema, “Umeniulia mtoto kwa kusahau!” Akampiga tena, akaanza kucheka na kulia pamoja. Tukamkalisha.

Lakini kicheko hakikuendelea, kwa maana kila mtu aliyekuwa pale alijua kilichofanyika. Mtu hai ameliliwa, kilio kimepokelewa, kimekamilika. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ni balaa. Wanaume waliwaza jambo jingine: yule mama aliyemwapisha mwanawe juu ya jeneza ametoa siri mbele ya kijiji kizima, na adui ameushika mkono wake. Nani sasa anamdai nani? Mwalimu aliuliza kwa woga kama tunaweza kuendelea pale tulipoishia, umebaki mwisho tu, mfalme anajichoma upanga.

Sarandos akavua taji. Alisema, “Mwalimu, nisamehe, mfalme wangu hafi leo. Miezi yote hii nimekuwa namsemea maneno yake kule kwa mbuzi, na kila siku namchukia zaidi. Angekuwa jirani yangu ningemwambia, wewe bwana, lile neno limeze, lina uchungu kidogo lakini linapita.” Kisha akamgeukia Mama, na sauti ile ya fahali ikawa ndogo. Akamwambia, “Bi Garufalia, yule Stratis niliyekuwa namngoja na bunduki maisha yangu yote ameliliwa leo, na mama yangu amempokea. Mtu aliyeliliwa hadaiwi na hadai. Huyo mwingine aliyeko ng'ambo, anayefanya kazi kiwandani na ana watoto, mimi sina neno naye. Akija, aje.”

Wote tukamtazama Mama. Ndiye peke yake aliyeweza kukataa, na sote tunamjua. Akasema, “Nililolia nimelia, sirudishi.” Na akaongeza, “Mfalme gani wewe, unatoa neno bila mkate?”

Kaka, mbio zilizopigwa kuutafuta mkate huo! Mwenye mkahawa alikimbia hata akapoteza kiatu. Mama na Sarandos wakaumega pale pale uwanjani, kwa chumvi, kama wanavyomega waliopatana, na padri akiwa shahidi. Siku ya tatu Mama alichemsha ngano ya matanga yako, akatia zabibu na sukari na karanga, akaigawa kanisani kwa kila nyumba, ya Rozeas ikiwa ya kwanza. Nilimwambia Mama, aibu, mtu ni mzima. Akanijibu kwamba aliyekufa ni yule wa kiapo, naye anastahili ngano yake kama mtu mwingine yeyote. Tumekula matanga yako tukajilamba vidole. Na Jumapili Lias aliletewa kahawa kwa mkono wa kulia. Anasema haina tofauti, lakini alikunywa vikombe vitatu.

Baadaye nilimwuliza Bi Kaliopi kama naye alidhani ni kweli. Alinitazama kama mtoto. Akasema, “Nilijua ni mchezo. Macho yangu yanaona, Lias hakuwa na telegramu mkononi. Lakini ule mkono haukuwa mchezo.”

Sasa nakuja kwenye lile nililolichelewesha. Kaka, keti, kama Lias anavyosema, lakini safari hii ni habari njema. Wewe umeamini miaka yote kwamba Mjomba Nikolas wa Pirea alikuhurumia, akakutumia nauli na kukuficha mpaka meli ilipoondoka, kinyume cha matakwa ya Mama. Nami niliamini hivyo. Mjomba alikufa akiwa ameufunga mdomo wake, Mungu amweke pema. Haya ndiyo aliyoyaimba Mama, nimeyaandika jinsi alivyoyatoa:

Mwanangu wa mbali, Stratis,
nilikwita mwoga mimi
mbele ya watu wa mji;
kumbe mimi ndimi mwoga.
Hereni nilizivua
nikanunua bahari,
niiweke kati yako
na bunduki ya babako.
Sasa bahari 'mekula
kile nilichokificha.

Ni yeye, Stratis. Zile hereni za arusi yake, zile alizotuambia ziliibwa na wachuuzi, ndizo zilizokuwa nauli yako. Alikuapisha juu ya jeneza akiwa na wazimu wa uchungu, na ulipoota ndevu akaona kwamba ama yeye atakulilia wewe, ama Kaliopi atamlilia mwanawe. Kiapo hakuweza kukifuta mbele ya watu. Basi akakuondosha kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akasimama mlangoni pa kanisa akakutukana, ili mtu yeyote asimshuku na asikufuate. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia hata mimi. Akasema ningekuandikia, nawe ungerudi mbio kumshukuru. Na ni kweli kabisa, ningekuandikia.

Nimelia wiki nzima, na si kwa huzuni. Nalala usiku kama gogo, Lias anasema hata nakoroma.

Juzi nilitoka uani nikakuta nguo zimekwisha kuanikwa mapema. Mama aliniwahi kuamka. Kwenye kamba kulikuwa na shuka mbili, na kati yake shati la Baba. Alikuwa amelisugua kwa majivu na sabuni mpaka vidole vikachubuka. Doa halikutoka lote. Amesema si kitu, utalivaa hivyo hivyo ukienda shambani.

Basi jibu la swali lako ni hili: njoo. Njoo na Despina, njoo na watoto. Sarandos ameniagiza nikuambie anamchagua mbuzi, na kwamba ukichelewa atamla mwenyewe. Mwalimu anakusalimu, anasema anataka kumwona maiti aliyemharibia mchezo. Lias anakusalimu na anakuomba radhi kwa kukuua. Bi Kaliopi na nyumba yake yote wanakusalimu. Wabusu wanao kwa ajili yangu, uwaambie shangazi yao amekwisha kuwatayarishia kitanda.

Na Mama anakusalimu. Yuko hapa karibu nami, ameushika ukingo wa karatasi, ameniambia niandike tena usije ukadhani nimekosea: Mama anakusalimu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ligeri